Hakuna Aliyemuuliza Fundi

Siku majibu ya vipimo yalipotoka, nyumba ya Dada ilijaa watu utadhani kuna harusi. Mashangazi walipiga vigelegele. Wajomba walimpiga fundi mgongoni mpaka akakohoa. "Imeoana!" walisema kila mmoja kwa zamu yake. "Figo imeoana!" Na yeye fundi, mwenye hiyo figo, alisimama karibu na mlango na soda mkononi, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mtaani walimwita Baridi. Kwanza, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza friji. Halafu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amepandisha hasira. Mteja angekuja anafoka kwamba friji limekula gesi tena, nyama imeoza, atampeleka kwa mjumbe, Baridi angefuta mikono kwa kitambaa chake cheusi na kusema, "Tulia, mama, tutaona." Watu wa namna hiyo wana tabu moja: wakinyamaza, kila mtu anadhani wamekubali.

Dada yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye sauti ya kufika getini bila kipaza sauti. Ndiye aliyemlea. Mama yao alitangulia, baba akafuata, na Dada, naye msichana tu wakati ule, akambeba, akamwogesha, akamchapa pale alipostahili na pale asipostahili, akamsomesha mpaka akapata ufundi. Kwa hiyo katika ukoo mzima hakuna aliyeona sababu ya kumuuliza fundi chochote. Kumuuliza kungekuwa kama kumtukana.

Figo zote mbili za Dada zilikuwa zimegoma. Hospitali ya nyumbani ilikuwa na mashine za kusafisha damu, lakini kila siku kulikuwa na moja mbovu, na wagonjwa walikaa kwenye mabenchi wakiitazama ile nzima kama watu wanaosubiri mtungi ujae kwenye bomba linalodondosha. Kupandikiza figo hawakuweza. Daktari wao mwenyewe alisema bila kuficha: "Hapa tunamsogeza tu. Mkitaka apone, mpelekeni nje." Wengine husafiri kwa sababu nyumbani hakuna mashine. Wengine huchoshwa na foleni. Wengine hutaka tu kuugulia mahali ambapo jirani hawezi kuchungulia dirishani. Dada alikuwa na sababu zote tatu, na ya tatu aliitamka kwa sauti ya juu kuliko nyingine: hakutaka wanafunzi wake wamwone amevimba miguu.

Maji alikuwa amekatazwa kunywa ovyo, kiu ikimuua. Kila jioni fundi alimpelekea vipande vidogo vya barafu, kutoka kwenye friji lolote alilokuwa analijaribu siku hiyo, naye alivimumunya macho kafumba. Hivyo ndivyo walivyopendana, bila maneno mengi.

Mkewe, Mama Mapacha, ndiye pekee aliyemjia juu. Alimfuata karakana, akamkuta amepiga magoti nyuma ya friji, analehemu bomba la shaba.

"Umekubali lini?"

"Sijakataa."

"Mimi nimeuliza umekubali lini."

Fundi akazima moto, akalitazama bomba.

"Figo si sufuria, mume wangu, kwamba unamwazima ndugu halafu utaifuata kesho. Unabeba mafriji mpaka ghorofani. Wanao bado wanalala na taa. Kama moyo wako umeridhika, sawa, nitanyamaza. Umeridhika?"

"Ni Dada," alisema.

"Najua ni Dada!" Akaondoka anapiga kandambili kama anaipiga ardhi makofi.

Kitu ambacho fundi hakumwambia mkewe, wala mtu mwingine yeyote, ni kwamba alikuwa anaogopa. Si kuogopa kidogo. Baba yao aliingia hospitali kwa miguu yake kutibiwa ngiri, anataniana na wasukuma vitanda. Akavua viatu mlangoni, akampa mwanawe ashike. Dada alikuwa amekwenda kutafuta chai. Mtoto akakaa kwenye benchi na viatu mapajani, na kitanda kilipotoka, shuka lilikuwa limefunika mpaka kichwani. Hakuna aliyekuja kumwambia kitu. Tangu hapo, fundi akiona mlango wa chumba cha upasuaji alizunguka njia nyingine.

Wakasafiri watatu: Dada, mumewe, na fundi. Shemeji alikuwa mtu mpole wa ofisini, hasemi mpaka asemeshwe, na safari nzima alikumbatia mkoba wa vyeti vya hospitali kama mtoto mchanga. Hospitali ya huko ilikuwa na milango inayojifungua yenyewe na korido ndefu zinazonuka dawa ya sakafu. Mabenchi yalijaa watu wa kila rangi na kila lugha, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake na macho yale yale mekundu ya kukosa usingizi.

Vipimo vikarudiwa vyote. Vikaoana tena. Siku ya upasuaji ikapangwa, na siku moja kabla, fundi akaitwa peke yake. Shemeji alipoinuka kumsindikiza, nesi alimrudisha kwa kiganja.

Chumbani alikuwemo daktari, mwanamke mwembamba wa makamo, miwani kaipandisha kichwani, na mkalimani, mama mnene aliyeongea lugha ya kina fundi bila kugugumia. Hakukuwa na kitanda wala sindano, ila viti vitatu tu. Hilo lenyewe lilimtisha.

"Nataka kukuuliza neno moja," daktari alisema, na mkalimani akafuatisha. "Usinijibu haraka. Wewe mwenyewe unataka kutoa figo?"

Fundi akacheka kidogo. "Ni dada yangu."

"Hilo vipimo vimeshasema. Wewe unataka?"

Kijasho chembamba kikaanza kumtoka. Alikifuta kwa mkono wa shati.

"Ukisema hutaki," daktari aliendelea taratibu, "nitatoka pale nje niwaambie kuwa hufai kutoa figo. Basi. Sababu sitasema, na hakuna wa kunilazimisha. Wote wanaokuja hapa nawaambia hivi hivi, maana kila familia ina namna yake ya kusukuma."

Fundi akamgeukia mkalimani. "Na wewe, mama? Hutasema?"

"Mwanangu, ningekuwa na mdomo mwepesi, kazi hii ningekuwa nimeshafukuzwa zamani."

Saa ya ukutani iligonga kama inamcheka. Alifikiria Dada na barafu yake. Alifikiria viatu. Halafu akasikia mtu anasema, "Sitaki," na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yeye.

Daktari hakushangaa, wala hakumlaumu. Aliitikia kwa kichwa tu, akashusha miwani, akasimama. Fundi akajiona mwepesi ghafla, kama mtu aliyetua mzigo ngazini. Wepesi ule haukumfikisha hata mlangoni.

Maana Shemeji, alipoambiwa, aliegemea ukuta na kushuka polepole mpaka akachuchumaa, mkoba ukiwa bado kifuani. Ingekuwa nafuu angetukana.

Wakaingia kwa Dada wote pamoja. Daktari akasema alichoahidi kusema, mkalimani akafasiri, na fundi akakodolea macho gurudumu la kitanda akingoja kilio. Kilio hakikuja.

"Ana nini?" Dada aliuliza.

"Samahani?"

"Ndugu yangu. Mnasema hafai. Mtu mzima, mwenye nguvu zake, anabeba mafriji, hafai kwa nini? Mmemkuta na nini?"

Daktari akajibu kwa upole, na mkalimani akafasiri: "Anasema hawezi kukupa habari za mgonjwa mwingine."

"Mgonjwa!" Dada akajishika shavu. "Mmesikia? Amesema mgonjwa!"

Mkalimani akajaribu kurekebisha, kwamba ni namna tu ya kusema, lakini ng'ombe alikuwa ameshatoka zizini. Dada alimvuta fundi akakaa kitandani, akampapasa paji la uso, akamfunua kope, akamuuliza anakojoa rangi gani. Mikono yake ilikuwa imevimba. "Unajisikiaje kifuani? Usinifiche. Tangu lini umepungua hivi? Mimi na macho yangu haya, nimekaa naangalia ugonjwa wangu tu, wewe unaisha mbele yangu!" Akamgeukia mumewe. "Pesa tulizobakiza zimpime huyu kwanza. Mimi mashine zipo, hata za foleni. Huyu ana watoto wadogo."

"Dada, mimi mzima," fundi alisema.

"Nyamaza. Hata baba alisema ni mzima."

Fundi akatoka koridoni, akajimwagia maji usoni chooni. Aliporudi kwenye benchi simu yake ilikuwa inalia. Mama Mapacha. Mwanamke ambaye hakulia hata siku anajifungua wawili kwa mpigo, sasa alikuwa analia kwa kwikwi, na nyuma yake mapacha nao wamepokea bila kujua wanalilia nini.

"Wifi kanipigia. Anasema wamekukuta na ugonjwa hawataki kuutaja. Ni nini? Niambie mimi! Ni damu? Ni moyo?"

"Sina kitu."

"Usinidanganye!"

"Sikudanganyi. Nitakupigia." Akakata simu.

Akaelewa hapo kwamba siri aliyopewa kama mwavuli ilikuwa imemgeukia paa bovu. Inavujia kila aliyemo ndani. Angeweza kuendelea. Siku mbili, tatu, wangerudi nyumbani, ukoo mzima ungempeleka kwa kila daktari, na Dada angekufa akimwombea yeye. Akajikaza, akasukuma mlango.

"Shemeji, naomba utupishe kidogo."

Shemeji akatoka. Fundi hakukaa. "Dada, sina ugonjwa wowote. Waliniuliza kama nataka. Nikasema sitaki."

Dada alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyeandika tusi ubaoni.

"Niliogopa," alisema. "Niko na viatu vya baba mapajani mpaka leo. Wewe ulikwenda kutafuta chai, mimi ndiye niliyeona kitanda kinatoka. Nikifumba macho nakiona. Nisamehe, nimeshindwa."

"Toka."

"Dada..."

"Nimesema toka mbele yangu! Nimelia hapa nikidhani nakuzika! Ungeniambia nyumbani! Kabla hatujapanda ndege, kabla sijawaaga watoto wa watu shuleni! Mdomo ulikuwa wapi?"

"Uliniuliza lini?"

Ilimtoka kwa sauti ambayo hakujua anayo. Nesi alichungulia mlangoni, akarudi. "Uliniuliza lini, Dada? Mlipika, mkapiga vigelegele, mkapanga nani atalala na wanangu. Mimi nilikuwa pale pale mlangoni! Hata mmoja, hata kwa kutania, hakuniambia 'Je, wewe?' Imebidi nije mpaka ugenini, kwa mtu asiyejua hata naitwa nani nyumbani, ndipo niulizwe!"

Akanyamaza, anahema. Dada pia alikuwa anahema, kifua kinakwaruza. Akageuzia uso ukutani.

"Nilijua," alisema, akiuambia ukuta. "Kwamba sijakuuliza, nilijua. Niliogopa ungesema hapana."

Fundi akakaa chini kwenye kiti.

"Basi niulize sasa," alisema.

"Sikuulizi. Nimelala hapa na mirija hii, uso umevimba kama mkate. Nikikuuliza hivi, hilo si swali, ni amri. Nimetoa amri maisha yangu yote, nazijua." Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Nikipata nguvu ya kupanda ndege, turudi nyumbani. Na umpigie mkeo umwambie huumwi, kabla hajaweka matanga."

Akampigia. Mama Mapacha alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu. "Kwa hiyo umeweza kumwambia hapana mtu," alisema. "Na mtu mwenyewe ni Wifi." Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Na baba yako... miaka yote hii hukuniambia kwa nini?" Walikaa tu simu masikioni, mpaka salio likaisha.

Siku zilizofuata, Dada alikuwa anasafishwa damu apate nguvu za safari, na fundi alikuwa hana kazi. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemnunia, hata Shemeji, aliyekwisha kuambiwa yote na mkewe. Na sasa kwa kuwa hakuna aliyemtaka kitu, woga wake ulikaa wazi mezani, akaweza kuugeuza geuza kama anavyogeuza kompresa ya friji iliyokufa, anatafuta imekufia wapi. Siku moja asubuhi akamtafuta mkalimani, wakaenda kugonga mlango wa daktari.

"Watu hufa?" aliuliza hata kabla ya kukaa.

"Wanaotoa figo? Ni nadra sana. Lakini wapo waliokufa. Nikikuambia vingine nitakuwa nakudanganya."

"Baba yangu alikufa kwa nini?"

"Sijui. Sikuwepo. Ningependa mtu angekwambia siku ile ile."

"Mimi nikilala, nani anakaa na mimi?"

"Daktari wa usingizi. Tangu unafumba macho mpaka unafumbua. Haendi popote."

"Nataka kumwona."

Daktari aliinua simu. Akaja pandikizi la mtu, mikono kama makasia, mdomoni bado anatafuna biskuti. Alimweleza fundi, kwa ishara na kwa mkalimani, anatazama nini kila dakika, anasikiliza nini, na kifaa kikilia atafanya nini. Fundi aliuliza kuhusu umeme. Akaambiwa. Akauliza umeme wa akiba nao ukigoma? Pandikizi likacheka, likasema litampuliza hewa kwa mkono mpaka asubuhi, likaonyesha jinsi, mashavu yamejaa biskuti.

"Nimebadili mawazo," fundi alisema. "Nitatoa."

"Leo sikupokei," daktari alijibu. "Nenda. Wiki ijayo ukija na neno hilo hilo, tutaongea."

Ndipo mambo yalipoharibika. Katikati ya wiki ile maji yalimjaa Dada mapafuni. Alikuwa anakunja leso, akaanza kutweta, midomo ikabadilika rangi. Manesi walikimbia na kitanda, mmoja amepanda juu yake amemshikilia barakoa ya hewa, na mlango ukafungwa usoni mwa fundi. Shemeji alisimama kando yake. Alimtazama mara moja, akainamisha macho haraka kama mtu aliyechungulia bafuni. Wakangoja. Fundi aligundua kwamba ameuma ngumi mpaka imetoka damu.

Dada alitoka hai, amechoka, kijivu. Na siku ya ahadi ilipofika, daktari alikuwa wa kwanza kusema.

"Ni kwa sababu ya yale ya juzi?"

"Hapana. Nilikwisha kuamua."

"Ungeamua hivyo kama asingezidiwa?"

"Ningekuja leo hii hii. Ila ningekuja nimevaa vizuri." Hakuwa amebadili shati siku tatu. Mkalimani alicheka kabla ya kufasiri.

Alikwenda mwenyewe kumwambia Dada. Aliingia, akasema, "Nimekwenda kwa daktari, natoa. Hukuniuliza, na sitaki uniulize." Dada alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, ukafungwa bila kutoa neno. Alimshika tu kidole kimoja, akakibana kama mtoto anavyobana.

Asubuhi ya upasuaji waliwasukuma pamoja hadi mwisho wa korido, vitanda bega kwa bega.

"Bado unaweza kushuka," Dada alisema.

"Tulia, Mwalimu. Leo mkuu ni mimi."

Ndani, meno yalikuwa yanamgongana. Woga haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umelala naye pale pale. Daktari aliinama, akamuuliza kwa mara ya mwisho, na fundi akajibu bila kungoja mkalimani. Pandikizi likamwekea kiganja kwenye paji la uso. Kiganja kilikuwa cha moto. Dari likaanza kuelea.

Alipozinduka, maumivu yalikuwa yanamngoja kama mgeni aliyewahi. Ubavu uliwaka. Koo lilikuwa kavu. Alitaka kuuliza kuhusu Dada, sauti haikutoka, na nesi hakujua lugha yake. Alimwonyesha pazia, nesi akatabasamu na kuondoka. Hakujua tabasamu lile ni la kheri au la kumpoza. Akalala pale moyo unadunda, anasikiliza miguu ya watu koridoni, kila kitanda kikipita anashika pumzi.

Hatimaye pazia likafunguliwa, akaingia Shemeji. Yule mtu wa kusemeshwa alikuwa anaongea peke yake, anacheka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Anakojoa!" alisema. "Shemeji yangu, anakojoa! Mfuko umejaa, wamebadilisha, umejaa tena!"

Na kutoka upande wa pili wa ukuta, hafifu lakini haikosewi, ikasikika sauti ya mwalimu mkuu, ile isiyohitaji kipaza, inamtangazia mtu kwa simu kwamba ni mkojo safi, wa rangi ya kupendeza, na kwamba daktari mwenyewe ameusifu. Alitaja kiasi. Akakirudia kiasi, kwa aliyekuwa hasikii vizuri. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kutamka neno "choo" mbele ya watu.

Fundi akaanza kucheka. Mshono ukamvuta, akapiga yowe, akashika ubavu, akacheka tena.

"Mwambie anyamaze," alimsihi Shemeji, anauma mto. "Mwambie anyamaze, ataniua huyu."